Wiki Tatu Ambazo Shangazi Hasafiri

Kuna wiki tatu katika mwaka ambazo shangazi yangu hatoki kijijini kwake. Haendi mnadani, hapandi basi, na hata harusi haimtoi. Mwaka mmoja binamu yangu aliolewa Songea mjini wiki ya kwanza ya Mei, mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Shangazi ndiye aliyetakiwa kukaa ndani na bibi harusi na kumfunda. Akatuma kitenge, debe la mchele na salamu za baraka. Ukoo mzima ulinung'unika. Yeye alibaki na soya zake.

Nami nilikuwa miongoni mwa walionung'unika. Baadaye nilipata bahati ya kukaa kwake misimu miwili mfululizo, nikawa namfuata shambani kila alfajiri, na manung'uniko yangu yakaisha.

Shangazi analima soya ya mbegu. Ya kukamua mafuta, ya kulisha kuku au ya kuchanganya kwenye unga wa lishe analima karibu kila mtu pale kijijini. Yake ni ile ambayo majirani wataifukia ardhini msimu ujao wakitegemea iote. Wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibiti ubora wa mbegu, huja kuliangalia shamba lake, na sampuli za magunia yake hupimwa kabla hajaruhusiwa kuuza hata kilo moja kwa jina la mbegu. Soya ya chakula ikilowa kidogo kisha ikakauka, bado ni chakula. Kinu hakiulizi ilinyeshewa siku ngapi. Mbegu ni kiumbe hai kilicholala, na kiumbe hai kinaweza kufa huku kwa nje kikionekana kizima.

Ukitaka kuuona ustadi wake, lazima kwanza uijue tabia ya soya, maana ni zao lenye mwili laini. Hindi likikomaa huinama juu ya bua lake, na majani yanayolifunika humwaga maji kama paa la nyasi. Soya ina ganda jembamba lenye vinyweleo, mbegu mbili au tatu kwa kila ganda, na ngozi ya mbegu yenyewe ni nyembamba mno: iloweke usiku, asubuhi utaimenya kwa vidole viwili. Chini tu ya ngozi hiyo, kando ya kitovu, umelala mzizi mchanga, sehemu itakayokuwa ya kwanza kutoka. Upo juu juu kabisa, hauna mto wala ngao. Ndani ya mbegu karibu asilimia 40 ni protini na kama asilimia 20 ni mafuta. Utajiri huo ndio unaoipa soya bei, na ndio unaoizeesha upesi, kwa sababu protini hunywa unyevu wa hewa na mafuta huchacha.

Siku yangu ya kwanza shambani shangazi alinionyesha jambo ambalo wakulima wengi wa miaka mingi hawalijui. Alishika shina moja, majani yake yameanza kuwa ya njano, akanionyesha ganda moja tu katikati lililokwisha kugeuka rangi ya kahawia, mengine yote yakiwa bado ya kijani kilichopauka.

"Hii imeaga," akasema.

Sikuelewa. Akaeleza kwamba kuanzia hapo mama hawapi wanawe chakula tena. Mbegu imejaa, imefunga mlango, imeaga. Na ubora wake uko juu kuliko utakavyokuwa siku nyingine yoyote ya maisha yake. Nilidhani mbegu huwa bora siku ya kuvunwa. Sivyo. Siku ya kuvunwa tunaokoa kilichobaki.

Wataalamu wana jina la hatua hiyo. Mwaka 1977 Walter Fehr na Charles Caviness walitoa huko Iowa mpangilio wa hatua za ukuaji wa soya ambao mpaka leo unatumika duniani kote, na siku ganda la kwanza la shina kuu linapopata rangi ya kukomaa waliiita R7. R8 ni pale maganda 95 kati ya 100 yanapokuwa na rangi hiyo. Kwenye R7 mbegu bado ina maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo huwezi kuivuna. Ukiipiga inapondeka kama ugali. Ni lazima isimame pale pale shambani ikauke. Hewa ikiwa nzuri, kutoka R7 hadi R8 ni kama siku tisa, kisha zinahitajika siku tano hadi kumi za jua ili unyevu ushuke chini ya asilimia 15. Hapo unaweza kupiga.

Jumlisha, zinakaribia zile wiki tatu za shangazi. Katika siku hizo shamba limegeuka kuwa ghala, na ghala lenyewe halina paa.

Kazi ya kuilinda mbegu isinyeshewe wakati huo haianzi Aprili. Inaanza Desemba, kwenye kalenda ya ukutani yenye picha ya mbuga, ambayo shangazi huisoma kinyumenyume. Kule Ruvuma mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukatika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wengi wetu tunapanda mvua ikishatulia, tukiwaza jinsi mmea utakavyoota. Shangazi anawaza jinsi utakavyokufa. Mbegu anayolima huchukua kama siku 115 hadi kukomaa kabisa. Akipanda tarehe 28 Desemba, itakomaa kwenye tarehe 22 Aprili, mvua ikiwa bado inarandaranda. Akipanda tarehe 12 Januari, itakomaa tarehe 7 Mei, na kwa kawaida mawingu yatakuwa yamekwisha kuaga.

Basi si apande Januari yote? Nilimuuliza hivyo, nikiona nimepata jibu rahisi. Akanijibu kwa kunipeleka kwenye debe la kona alimoweka soya za mwaka mmoja ambao mvua ilikatika mapema. Zilikuwa ndogo, zimekunjamana kama zabibu kavu, na nyingi zilikuwa na rangi ya kijani hadi ndani. Nilivunja moja kwa meno nikaona kijani kimejaa hata kwenye moyo wake. Mmea uliokufa kwa kiu na joto kabla ya wakati wake haukupata nafasi ya kuondoa kijani hicho kwenye mbegu. Mbegu za namna hiyo huota kwa udhaifu, na ghalani hazikai. Ukame una hila nyingine pia: baadhi ya mbegu zinazokaukia kwenye joto kali huwa ngumu kama kokoto, ngozi yake haipitishi maji, ukazifukia leo zikakaa ardhini wiki nzima bila hata kuvimba wakati wenzake wamekwisha chomoza.

Kwa hiyo kila Desemba anasimama kati ya hatari mbili. Akiwahi, mbegu itakomaa kwenye mvua. Akichelewa, itajaa kwenye ukame. Husikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, hupima kwa macho jinsi mvua za mwanzo zilivyoshika, kisha huligawa shamba lake vipande viwili na kuvipanda kwa kuachana wiki mbili. Kipande kimoja kikipatwa na balaa, kingine huwa na nafasi. Si kamari, mcheza kamari hutaka kushinda vyote. Yeye ameridhika tangu mwanzo kwamba huenda atapoteza nusu, ili asipoteze yote. Mimi naona huo ni utu uzima wa kazi.

Sasa nieleze mvua inafanya nini, kwa sababu hapo ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, nimechuchumaa kati ya mistari na lenzi ndogo ya kukuzia.

Mwaka wangu wa kwanza kipande kilichowahi kilikuwa kimekauka vizuri. Ukitikisa shina, maganda yalilia kama kayamba. Shangazi alikuwa apige keshokutwa yake. Usiku likaingia wingu, ikanyesha mvua ya taratibu, si kubwa, mvua ambayo mtu wa mjini angeifurahia kitandani. Asubuhi kukawa na jua kali. Mchana wake shamba lilikuwa kavu tena, maganda yanalia kama jana. Kwangu hakuna kilichoharibika.

Shangazi akachuma ganda moja, akalipasua juu ya kiganja changu. "Tazama mgongoni," akasema.

Mbegu ilikuwa ya njano, nzima, safi. Lakini upande wa pili wa kitovu, mgongoni, ngozi ilikuwa na mikunjo midogo sambamba, kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Jana haikuwapo. Usiku mbegu ilikunywa maji kupitia ganda, ikavimba, ngozi ikavutika. Jua lilipotoka ikasinyaa, lakini ngozi iliyokwisha kuvutika haikurudi vile vile, ikabaki imelegea na kujikunja. Na chini ya kila mkunjo kuna chembechembe hai zilizobanwa, zikavutwa, nyingine zikapasuka. Mara moja, mbegu hustahimili. Mara ya pili mikunjo inageuka nyufa. Mara ya tatu, ya nne, kuvimba na kusinyaa, kuvimba na kusinyaa, hata bila tone la mvua ila umande mzito na ukungu wa asubuhi, mbegu inazeeka zaidi katika wiki moja kuliko ambavyo ingezeeka kwa miezi kadhaa ghalani.

Madhara hayo huyaoni kwenye mizani. Gunia lina uzito ule ule. Ila utakapoipanda mbegu ile, maji ya ardhini yatapenya kwenye nyufa kwa kasi badala ya kuingia polepole. Chembechembe zitapasuka, sukari itavuja kwenye udongo, na vimelea vya udongo vitakuja kula kabla mche haujajua uelekee wapi. Mche wa soya hutoka ardhini kwa kubeba vipande viwili vya mbegu yake juu ya shingo, kama mama aliyebeba ndoo akipanda mlima. Unahitaji nguvu. Mche dhaifu ukikuta udongo umeshika ukoko baada ya mvua kubwa, shingo inakatika humo humo.

Mvua ikiendelea siku kadhaa huku kukiwa na joto, wanakuja kuvu. Wawili ni maarufu. Mmoja ni Cercospora kikuchii, anayeipaka mbegu madoa ya zambarau, wakati mwingine mbegu nzima. Mwingine ni Diaporthe longicolla, anayeiacha mbegu imepauka kama iliyopakwa chokaa, imerefuka, imepasuka. Wanunuzi sokoni huogopa zambarau kwa sababu inaonekana kutoka mbali. Shangazi huiondoa pia, maana hakuna anayetaka kununua mbegu yenye doa, lakini hofu yake iko kwa ile nyeupe. Mbegu yenye doa la zambarau mara nyingi bado huota. Ile yenye chokaa mara nyingi imekwisha kufa. Nimemwona akichambua kwenye ungo, vidole vikiruka juu ya zambarau kutafuta kwanza ile iliyopauka, ambayo mimi ningeipita nikidhani ni vumbi.

Katika wiki hizo hizo kuna kunguni wa kijani wanaokuja kunyonya maganda. Kila wanapochoma huacha kitundu na mbonyeo, na kitundu kinaalika kuvu. Anawakagua kwa kutandika kitambaa cheupe kati ya mistari na kukung'uta mashina. Basi.

Mwaka uliofuata nikaona upande mwingine wa ustadi wake, ambao ni haraka. Watu hupenda kusema haraka haraka haina baraka, na wengine huwajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa soya ya mbegu methali zote mbili ni za kweli ndani ya wiki moja, na kujua ni siku gani unahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili ndiyo kazi yenyewe.

Kila asubuhi alikuwa akipita kwa njia ile ile, akichuma maganda sehemu kumi tofauti, ya juu, ya katikati na ya chini ya shina. Anatikisa. Anasikiliza. Anatoa mbegu na kuikandamiza kwa ukucha: ukucha ukiacha alama bado, usipoacha, anaiweka kati ya meno. Ikilegea chini ya jino bado ina maji. Ikikatika kwa mlio mkavu, safi, vipande viwili, iko tayari au inakaribia. Ikitawanyika vipande vidogo, umechelewa, imekauka kupita kiasi. Kisha nyumbani anafanya kipimo cha chumvi, ambacho aliniomba nikieleze kwa kila mtu: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mbegu hadi robo, tia vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa juani hadi iwe vumbi, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Kioo kikibaki safi, anza kunoa mundu.

Mwaka huo siku ya kuhama ilikuwa Jumanne. Jumatatu kioo kilikuwa na ukungu wa chumvi. Jumanne kikawa safi. Jirani yake mwenye soya ya umri ule ule alisema ataanza Jumamosi kwa sababu vijana wake wangekuwa wametoka kwenye kibarua. Shangazi alikuwa ameshazungumza na watu wake wiki mbili kabla, bila kuwaambia tarehe, amewaambia tu wajiandae, na pesa ya kuwalipa alikuwa ameiweka kando tangu Machi. Tulianza Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, umande bado ukiwa juu ya maganda.

Umande, ambao siku zote alikuwa akiulalamikia, sasa akautumia. Ganda lililolowa kidogo halipasuki mkono unapolishika. Saa tano, jua likishakuwa kali, ganda kavu hupasuka kwa kuguswa tu na mbegu huruka, ukazisikia zikidondoka kama mvua ya changarawe. Kwa hiyo tulikata alfajiri, kwa mundu, juu kidogo ya udongo, mizizi ikibaki chini na vinundu vyake. Kabla ya saa tatu tulikuwa tumeacha kukata na kuanza kusomba.

Kupiga nako kuna saa yake. Wengi hungoja jua la utosi kwa sababu maganda yanafunguka kwa urahisi. Lakini mbegu iliyoshuka chini ya asilimia 12 ni kama kioo, na ule mzizi mchanga uliolala juu juu ndio wa kwanza kuvunjika. Ikiwa na maji mengi nayo huchubuka na kupondeka. Kati ya hapo kuna nafasi nyembamba, ambayo kwake huwa saa nne hivi ya asubuhi, umande umekwisha kwenye maganda yaliyotandazwa, joto halijapanda. Alitandika nyasi, juu yake turubai, juu yake soya, ili fimbo isikutane na ardhi ngumu. Fimbo zenyewe zilikuwa nyepesi, na kijana aliyepiga kwa hasira za ujana alihamishiwa kwenye kupepeta. Magunia hayakurushwa. Niliona mtu mzima akiombwa kwa upole arudie kuteremsha gunia, "kama unavyomlaza mtoto, baba," naye akarudia.

Mvua ilinyesha Ijumaa usiku. Soya ya jirani ilikuwa bado imesimama.

Sisemi hivyo kumsimanga jirani. Mwaka wa nyuma yake shangazi mwenyewe alipigwa: kile kipande nilichokisimulia, baada ya mvua ile ya kwanza zikaja siku nne za manyunyu na joto, na alipopima mbegu 100, zilizoota hazikufika nusu. Alikuwa na magunia yaliyojaa, mazuri kwa macho. Angeweza kuyauza kwa watu wasiojua. Akayauza kwa bei ya chakula, kwa mtu wa kukamua mafuta, na alipokuja jirani kumwomba japo kilo tano za mbegu kwa sababu kwingine hakuna, akamkatalia. Nilikuwapo. Ilikuwa vigumu kwake kuliko kupoteza fedha.

Nimesoma baadaye kwamba vita hii ina mafundi wake mahali pengi. Soya ilizaliwa China, kwenye nchi yenye kipupwe, ambako inakomaa hewa ikiwa inapoa na kukauka. Ilipohamia kwenye nchi za joto na mvua ikakutana na hewa ambayo mwili wake haukuzoea. Ililetwa kwetu mwaka 1907, kwenye kituo cha utafiti cha Wajerumani pale Amani, Usambara. Huko Marekani, kusini, kwenye jimbo la Mississippi lenye joto na unyevu, James Delouche na wenzake katika chuo kikuu cha jimbo hilo waliangalia kwa nini mbegu zilizopita kipimo cha uotaji hufa shambani, wakatengeneza kipimo kinachozeesha mbegu makusudi: unaiweka kwenye joto la nyuzi 41 na hewa iliyojaa unyevu kwa saa 72, kisha unaiotesha uone ni ngapi zina nguvu ya kuinuka. Nilipokielewa kipimo hicho nilifikiria zile siku nne za manyunyu na joto. Kijiji kizima kilikuwa kimefanya kipimo bila kujua.

Wabrazili nao, kupitia Embrapa, shirika lao la utafiti wa kilimo, pale Londrina, wamekikuza kipimo kingine hadi kikawa sanaa. Mbegu inaloweshwa kwenye dawa iitwayo tetrazoli, na sehemu zilizo hai zinageuka nyekundu, zilizokufa zinabaki nyeupe. Mchunguzi aliyezoea akiikata mbegu anasoma humo historia yake: jeraha hili ni la mashine, hili ni la kunguni, na haya mawili yaliyokaa sambamba mgongoni ni ya mvua. Ni mahali pale pale shangazi aliponiambia nitazame. Na Brazil pia mashamba ya mbegu hupelekwa kwenye miinuko, kunakopoa wakati wa kukomaa, jambo linalonifanya nizitazame nyanda zetu za juu kusini, kuanzia Mbeya na Njombe hadi Songea, kwa heshima zaidi. Ubaridi wa Mei na Juni ambao sisi tunaukimbilia makoti, mbegu inaupenda. Kanuni aliyoiacha Harrington, mtaalamu wa hifadhi ya mbegu, inasema kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja maisha yake ghalani huongezeka maradufu, na kila joto likipungua kwa nyuzi 5 vilevile. Hiyo ni kwa mbegu iliyoingia ghalani ikiwa nzima. Iliyozeeka shambani, ghala haliirudishii ujana.

Mwezi Novemba, wakati wa kuuza, shangazi hufanya kipimo chake cha mwisho. Anachota kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, anachanganya, anahesabu 100 bila kuchagua, nzuri na mbaya zinavyokuja mkononi. Anazipanda kwenye sanduku la mchanga uliolowa kiasi, anaweka ndani ya nyumba, anahesabu siku ya tano na siku ya nane. Mche uliopinda au usio na mzizi hauhesabiwi. Wakati huo huo anachukua nyingine, anazitia kwenye maji yenye jiki kwa dakika kumi. Zenye ngozi iliyopasuka huvimba na kujikunja mbele ya macho yako, zilizo nzima hukaa kimya. Hizo za jiki hutupwa, hazirudi kwenye gunia wala jikoni.

Mwaka ule wa Jumatano, siku ya nane, tulihesabu pamoja. Zilisimama 92, shingo nene, vipande viwili vya mbegu juu, vya kijani, havina doa. Aliandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila gunia, na chini yake akaandika tarehe ya kuvuna. Wateja wengi husoma namba ya juu tu.

Wewe usiishie hapo. Ukienda kununua mbegu ya soya, muulize muuzaji ilivunwa tarehe ngapi, na mvua ya mwisho shambani kwake ilinyesha lini. Kisha chukua moja mkononi, igeuze, uitazame mgongoni.